Saa Moja Kasoro Dakika Tano

Nyumbani kwetu asubuhi ilianza na harufu ya dawa ya kuchua misuli. Dada alijipaka gotini kabla hata hajapiga mswaki, akafunga bendeji, kisha akanitikisa bega na kuniambia, "Meneja, kumekucha." Kumekucha wapi! Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mama alikwisha kuondoka zamani kwenda kazini kwenye kiwanda cha mikate. Mimi, mwanafunzi wa darasa la sita niliyekuwa likizoni, nilitakiwa kubeba ndoo ya mipira ya tenisi hadi uwanja wa umma, nisimame upande wa pili wa wavu na kumrushia Dada mipira mia mbili kabla jua halijawa kali. Wenzangu walikuwa wamelala. Nilijua hivyo kwa sababu nilipita chini ya madirisha yao kila siku nikipiga miayo.

Meneja lilikuwa jina langu la utani. Dada alikuwa mchezaji wa tenisi wa kulipwa, lakini wachezaji wenye mameneja wa kweli ni wale walio juu katika orodha ya viwango. Yeye alikuwa chini kabisa, kule ambako mtu hujibebea begi lake na kufua soksi zake kwenye beseni. Basi meneja wake nikawa mimi. Nilijua saa za mechi zake, nilijua ni raketi ipi iliyolegea nyuzi, na nilijua kwamba kwa miaka tisa hajawahi hata mara moja kuvuka mchujo na kucheza katika droo kuu ya mashindano makubwa. Hilo la mwisho hatukulizungumza nyumbani.

Mwaka ule mashindano makubwa ya wanawake, ya mchezaji mmoja mmoja, yalikuja mjini kwetu. Ili aingie kwenye droo kuu, Dada alipaswa kwanza kushinda mechi tatu za mchujo. Alishinda ya kwanza, akashinda ya pili. Siku ya Jumatatu alicheza ya tatu kwa saa tatu nzima, akashindwa katika seti ya mwisho. Alipofika nyumbani alijilaza sakafuni palepale mlangoni, akasema anapumzika kidogo tu. Mama alimvua viatu. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umekuwa mweusi.

Nilidhani yamekwisha, nami sitakuwa mkweli nikisema nilihuzunika sana. Niliwaza usingizi. Lakini jioni ile Dada alikaa kitandani akatueleza kwamba bado kuna mlango mmoja mdogo. Mchezaji wa droo kuu akiumwa na kujitoa kabla ya mechi yake ya kwanza, nafasi yake hupewa mmoja wa wale walioshindwa katika mechi ya mwisho ya mchujo, yule aliye juu zaidi katika viwango. Kati ya walioshindwa, Dada ndiye aliyekuwa juu. Sharti lilikuwa moja: kila siku ya raundi ya kwanza, kabla ya saa nne kamili asubuhi, mchezaji awe ametia saini katika orodha ya mwamuzi mkuu kwa mkono wake mwenyewe. Asiyetia saini hahesabiwi, hata awe amesimama mlangoni. Raundi ya kwanza ilikuwa ya siku mbili, Jumanne na Jumatano.

Jumanne tulifika mapema, Dada akatia saini, tukakaa. Tulikaa kwenye viti vya plastiki ndani ya hema tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Dada hakuvua viatu, maana anayeitwa anatakiwa awe uwanjani ndani ya dakika kumi. Kando yetu alikuwapo msichana mmoja mrefu sana, naye alishindwa kwenye mchujo na jina lake lilikuwa la pili katika orodha. Mimi nilimwita Twiga, kimoyomoyo. Kazi yetu sote watatu ilikuwa kungoja mtu augue. Kila mchezaji aliyepita akikohoa tuligeuka kumtazama, kisha tukaangalia chini kwa aibu. Nilihesabu vikohozi viwili na chafya moja. Hakuna aliyejitoa.

Tulipofika nyumbani miguu ilikuwa imekufa ganzi. Dada aliweka simu yake juu ya kigoda kilicho katikati ya vitanda vyetu, akaitega imwamshe saa moja asubuhi. "Kesho ndiyo siku ya mwisho," akaniambia, macho yamekwisha kufumba. "Simu ikishindwa kuniamsha, wewe usishindwe, Meneja." Nilimwitikia. Hakunisikia, alikuwa amelala tayari.

Asubuhi ya Jumatano niliamka mwenyewe, kwa mazoea tu. Simu ilionyesha saa moja kasoro dakika tano. Dada alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, mguu wenye bendeji umewekwa juu ya mto. Sijawahi kumwona mtu aliyechoka namna ile. Nikafikiria hema, viti vya plastiki, na siku nzima ya kungoja mtu akohoe. Nikajiambia kwamba hakuna atakayejitoa, kwamba jana hakujitoa mtu, na kwamba kumwacha alale ni kumtendea wema. Nitasema kweli: nilimwonea huruma. Lakini nilijionea huruma mimi zaidi. Nikanyoosha mkono, nikaizima kengele ya simu isilie, nikaurudisha mkono ndani ya shuka na kugeukia ukutani.

Kilichoniamsha ni kishindo. Dada alikuwa amejigonga kwenye kigoda akitafuta viatu. Ilikuwa saa nne kasorobo. Aliitazama simu, akanitazama mimi, akaniuliza kama nilisikia ikilia. Nikatikisa kichwa. Aliniamini papo hapo, hata hakuuliza mara ya pili.

Tulikimbia. Dada alikimbia na goti lile, begi la raketi likimpiga mgongoni, nami nyuma yake nikihema. Tulifika kwenye ofisi ya mwamuzi mkuu saa nne na dakika nane. Mwamuzi mkuu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Orodha ilikuwa mezani mbele yake, na chini ya jina la Twiga palikuwa pamepigwa mstari mwekundu ulionyooka. Kabla hatujasema neno akatuambia kwamba dakika tatu zilizopita mchezaji mmoja wa droo kuu amejitoa. Mgongo ulimkaza akiwa anafunga kamba za viatu.

"Ungekuwa umesaini, ungecheza wewe," alisema. "Pole sana, binti yangu. Lakini nikikufungulia wewe, nitamfungia aliyewahi."

Dada hakubishana. Alisema alipitiwa na usingizi, kosa ni lake, akamwomba radhi kwa kumsumbua. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya begi. Maneno yalikuwa mawili tu, "Nilizima mimi," na sikuyatoa.

Nilitamani twende nyumbani, lakini Dada alitaka kumtazama Twiga. Tukakaa jukwaani, safu ya nyuma. Twiga alicheza mchezo ambao ulikuwa wa dada yangu, na alishinda. Watu walisimama kumpigia makofi, na Dada alisimama pia, akapiga makofi mpaka mwisho. Nilimtazama usoni nikitafuta hasira. Hapakuwa na hasira, uchovu tu, na jambo jingine ambalo sikulielewa mpaka tulipokuwa njiani kurudi.

"Nimeikuta kengele ya simu imezimwa," akaniambia akitembea polepole. "Nimeizima mwenyewe usingizini, wala sikumbuki. Unajua maana yake? Mwili umekataa. Siku kubwa kuliko zote, na mwili umesema basi."

Kisha akanikumbusha barua ya ile shule iliyomtaka awe mwalimu wa michezo. Miezi miwili ilikuwa kabatini bila jibu. Alisema atajibu leo, na Mama akirudi atamwambia kwamba tenisi ameacha.

Sasa sikilizeni jinsi moyo wa mtu ulivyo. Jambo la kwanza nililowaza ni kwamba kuanzia kesho nitalala hadi saa mbili. Hakuna ndoo, hakuna mipira mia mbili. Hakuna aliyejua nilichofanya na hakuna ambaye angejua kamwe. Nilikuwa nimepata kila nilichokitaka, na nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Mama alirudi saa nane mchana, unga bado umebaki kwenye nyusi zake kama kawaida. Alimkuta Dada ameketi sakafuni akipanga vitu kwenye maboksi: bendeji, kofia, chupa za maji. Dada alimweleza yote kwa sauti ya chini. Mama aliketi kwenye kitanda changu na mkoba wake bado begani. Mwisho akauliza tu kama ana hakika, na Dada akasema mwili wake ndio wenye hakika.

Kisha Dada akatoa ile raketi yake nzuri, yenye mpini alioufunga mwenyewe kwa utepe wa buluu, akaninyooshea mimi.

"Hii ni yako," alisema. "Hakuna mtu mwingine aliyeamka na mimi kila siku. Ni wewe tu."

Mikono yangu haikuinuka. Nilijikaza kisabuni, lakini machozi yalikwisha kunitangulia. Dada alidhani nalia kwa sababu anaacha kucheza, akaanza kunibembeleza, na kubembelezwa kule ndiko kulikonishinda kabisa.

"Dada, hukuizima wewe," nikasema. "Niliizima mimi. Saa moja kasoro dakika tano. Ulikuwa umelala, nikaizima, halafu nikakudanganya kwamba sikusikia."

Dada aliishusha raketi taratibu mpaka ikagusa sakafu. Aliniuliza kama nina hakika ni kabla ya saa moja, nikasema nina hakika. Aliniuliza kama simu ililia hata kidogo. Nikamwambia haikupata nafasi ya kulia.

"Kwa hiyo sikushindwa kuamka," alisema, kama anayejisemea mwenyewe. Baada ya hapo hasira ikampanda, na alikuwa na haki nayo. Alinitaka nitoke nje, nikatoka.

Mama alinifuata uani. Alinipa beseni la soksi za Dada, akaketi kwenye ngazi huku mimi nikifua. Sikuchapwa wala sikufokewa. Nadhani Mama alikuwa amechoka mno hata kufoka. Nikamwambia kwamba nilimwonea Dada huruma. Nikakiri pia kwamba mimi mwenyewe nilichoka, na sikujua nitasemaje, maana kila mtu katika nyumba hii amechoka na hakuna anayelalamika.

"Hapo tumekukosea," Mama akasema. "Ungesema umechoka, tungekupumzisha. Mtoto kuchoka si kosa." Alisugua unga kwenye nyusi, akaendelea. "Lakini nisikilize, mwanangu. Kama ulimwonea dada yako huruma, ungemwamsha ukamwuliza, 'Unataka kulala au unataka kwenda?' Angechagua mwenyewe. Wewe ulichagua badala yake, kisha ukaficha. Pale ulipoficha, haikuwa huruma tena. Na angalia uongo mdogo wa kutikisa kichwa ulikotaka kumfikisha. Leo angeacha kazi ya maisha yake kwa kosa ambalo hakulifanya."

Nilimwuliza kama Dada atanisamehe. Mama alijibu kwamba hilo si lake kunijibia, na kwamba nisugue vizuri kwenye visigino.

Siku nne Dada hakuniita Meneja. Aliniita kwa jina langu, kwa adabu, kama mtu anavyomwita mtoto wa jirani. Alfajiri alibeba ndoo mwenyewe akaenda kupiga mpira ukutani, nami nililala hadi saa mbili, na usingizi ule haukuwa na utamu wowote. Siku ya tano niliona barua ya ile shule mezani, imejibiwa. Aliwashukuru na kuwaambia kwamba bado anacheza. Mama naye akapanga zamu: siku tatu kwa wiki nitaamka, siku nyingine nitalala, na nikichoka nitasema.

Wiki tatu baadaye Dada alikuwa na mashindano mengine, madogo, mchujo tena tangu mwanzo. Jioni ya kuamkia siku ya mechi, nilikuwa nimeketi kitandani nikisoma. Alichukua simu yake kutoka kwenye kigoda. Nilitegemea aiweke chini ya mto wake, alivyofanya wiki zote tatu. Badala yake aliiweka mkononi mwangu.

"Saa kumi na moja na nusu," alisema. Akajilaza, akageukia ukutani, kisha akaongeza, "Meneja."

Niliamka kabla simu haijalia. Dada alikuwa amelala fofofo kama siku ile, mdomo wazi, mguu juu ya mto, na huruma ikanijaa ileile. Nikamtikisa bega. Alifungua jicho moja.

"Nimechoka," akasema.

"Najua, Dada. Ni saa kumi na moja na nusu. Unalala au unaamka?"

Alinitazama kwa lile jicho moja. Kisha akanyoosha mkono kutafuta bendeji.

"Naamka," alisema. "Washa taa."