Gego la Pangoni

Bi Nazaria Huallpa alidhani ni panya. Aliinua magodoro yote ya nyumba yake ya wageni, pale juu mtaa wa San Blas, akafagia nyuma ya makabati, akamwaga maji ya chokaa kwenye mfereji wa uani, na bado harufu ikabaki: harufu ya viazi vilivyosahauliwa ndani ya gunia bichi mpaka vikatoa maji. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, jua kali juu ya vigae vya Cusco, mji wa milima ya Peru. Kufikia adhuhuri alijua inatoka wapi. Ilitoka chumba namba tatu, kwa daktari wa meno.

Daktari huyo aliitwa Óscar Tejada, mtu wa Lima, mji mkuu kule pwani, mnene, mpenda mizaha, aliyekuja kutalii peke yake. Wageni wengine walikwenda kutazama makanisa. Yeye alitaka kuona wafu. Jumapili alikuwa amepelekwa mashambani na Eleuterio, shemeji yake Nazaria, ambaye kazi yake ni kuongoza wageni. Walipanda kwenye majabali yenye mapango, walikokaa wazee wa kale, wale waliokauka kabla Mungu hajajulikana. Mtu wa Cusco hupita hapo haraka, na kofia mkononi.

Nazaria alibisha mlango akiwa na bakuli la supu.

"Daktari, umelala na nini humu ndani?"

"Na upweke, mama," alisema, akacheka. Lakini alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, suruali imekunjwa, na chini ya goti palikuwa na jipu kubwa kama yai la bata, jekundu, linang'aa. "Mdudu tu wa shambani. Nimemeza dawa."

Alipoonja supu, akaitapika yote kwenye beseni. Matapishi yalikuwa meusi, yana punje za mahindi ambayo hakuna aliyempikia.

Asubuhi iliyofuata jipu lilipasuka. Nazaria ndiye aliyeshika beseni, maana hapakuwa na mwingine, na yeye alikuwa amemuuguza mumewe mpaka mwisho, akiamini hakuna kitu cha mwili wa binadamu kitakachomtia kinyaa tena. Usaha ulitoka wa kijivu, mzito kama machicha ya pombe ya mahindi. Ukafuatiwa na nywele, ndefu, nyeusi, zimefungamana na uzi wa sufu, na alipozivuta zikaendelea kuja, dhiraa moja, dhiraa mbili, zikiteleza vidoleni mwake zenye joto. Halafu kitu kigumu kikaanguka na kugonga bati.

Daktari alikiokota, akakifuta kwa shuka. Vidole vyake vilikigeuza kwa mazoea ya kazi.

"Hili ni jino," alisema polepole. "La mtu mzima. Limesagika kwa kula unga wenye mchanga wa jiwe la kusagia."

La pili likaanguka. La tatu.

"Daktari," Nazaria alimwuliza, "ulichukua nini kule?"

Akatoa kisanduku cha kibiriti chini ya mto. Ndani mlikuwa na gego la manjano, zima, lenye mizizi mitatu. Alikuwa ameling'oa kwa koleo lake kwenye taya la fuvu moja, siku ile ya Jumapili.

"Halina hata tundu moja, mama. Nilitaka wanafunzi wangu walione."

Eleuterio alipoitwa, alisimama mlangoni, kitambaa puani.

"Nilimwona, shemeji," alisema. "Nikageuza uso. Ni mgeni, nikaona haya kumkataza."

"Haya zako zinanuka nyumba nzima. Nenda kamlete Saturnina."

Saturnina alikuwa mwanamke wa makamo, muuza mitishamba sokoni, mkali wa ulimi. Alikuja na simbilisi mweusi ndani ya kikapu. Hakusalimia. Alimvua daktari nguo, akampitisha huyo mnyama mwilini mwake kuanzia utosini kushuka chini, akinong'ona na mizimu wenye milima, na simbilisi akapiga kelele mpaka alipofika gotini. Hapo akanyamaza, akalegea. Saturnina alimpasua kwa wembe palepale sakafuni. Mnyama alikuwa amekufa dakika hiyo hiyo, lakini ndani alikuwa ameoza kama mzoga wa juma zima, matumbo yamekuwa uji wa kijani, na katikati ya uji huo funza wanene walikuwa wakijinyoosha.

"Mzee wa pangoni anahama," Saturnina alisema. "Anavileta vyombo vyake kimoja kimoja. Akimaliza kuleta, wewe mwenye nyumba utatoka."

"Nifanye nini?" daktari aliuliza. Mizaha ilikuwa imemwisha.

"Ulilitoa kinywani, litarudi kwa kinywa. Utalibeba mdomoni mwako mpaka pangoni, na utalitema tayani mwake. Usiseme neno. Usimeze hata mate."

Walipanda Alhamisi, mchana mweupe, wakipita kati ya mashamba ya shayiri, Saturnina mbele, Eleuterio akimshika daktari kiunoni, na Nazaria nyuma kwa kuwa alishindwa kubaki nyumbani akisubiri. Daktari alipumua kwa pua, mashavu yametuna, na mate yasiyomezwa yakaanza kumtoka pembeni mwa midomo, kwanza meupe, halafu ya kahawia, halafu mazito yenye nyuzi, yakimtiririka kidevuni na kuloanisha shati, na kila hatua aliyopiga jino liligonga meno yake mwenyewe, tk, tk, sauti ambayo Nazaria aliisikia wazi ingawa upepo ulikuwa ukivuma, mpaka ikamjia fikra ambayo hakuweza kuifukuza, kwamba halikuwa likigongwa na hatua, bali lilikuwa likitafuna.

Pangoni, fuvu lilikuwa pale pale, limeegemea jiwe. Taya lake sasa lilibaki na meno mawili tu. Daktari alipiga magoti, akainama, akausogeza mdomo wake kwenye mdomo ule. Harufu ikampanda. Akajaribu kuzuia matapishi, koo likafanya linavyofanya koo lolote.

Alimeza.

Eleuterio alimpiga mgongoni, akampiga tena. Hakuna kilichotoka. Saturnina alichungulia ndani ya taya. Yale meno mawili hayakuwapo.

"Mzee ameondoka," alisema.

"Kaenda wapi?" Nazaria alinong'ona.

Saturnina alianza kukusanya majani ya koka aliyokuwa ameyatandaza kama sadaka. Wakati wa kurudi alikataa kupanda na daktari gari lililowasubiri barabarani. Alishuka mpaka mjini kwa miguu.

Daktari hakuchechemea tena. Kabla hawajafika mjini jeraha lilikuwa limefunga, harufu imekwisha. Alikula sahani tatu za nguruwe wa kuoka, akawashukuru wote, akarudi kwao Ijumaa. Nazaria alichoma godoro, akajilazimisha kuamini.

Majuma matatu baadaye simu ililia, saa tisa alasiri. Alikuwa Mirtha, mke wa daktari.

"Samahani, mama. Óscar akilala baada ya chakula anaongea maneno ya huko kwenu milimani. Yeye kazaliwa Lima kama mimi, hajui hata salamu ya lugha hiyo. Nimeyaandika nilivyoyasikia. Nikusomee?"

Alisoma kwa kujikwaa. Nazaria akamwomba arudie. Kilikuwa Kiquechua cha zamani, cha bibi wa bibi yake, lakini kila neno lilieleweka: *Nyumba hii imeanza kuoza. Jirani ni nani?*

"Bi Mirtha, daktari yuko wapi saa hizi?"

"Kalala kwenye kochi na binti yetu. Kwani anasema nini?"

"Mtoe mtoto kwanza. Nitakuambia baadaye."

Nazaria alisikia simu ikiwekwa mezani, kandambili zikikimbia, mlango. Kisha sauti ya mtoto aliyeamshwa, yenye usingizi na kisirani, ikija karibu.

"Mama," ilisema, "jino linaniuma."