Mahari Yake Iko Kamunyonge

Kila Ijumaa jioni Mzee Stanslaus, fundi viatu wa Kiabakari, alirudi nyumbani na gazeti kuukuu alilopewa dukani. Baada ya chakula mchezo ulianza. Yeye alichagua neno ukurasani, akalitamka, kisha mkewe Marieta na binti yao Naomi wakashindana kulitafuta na kulizungushia duara. Aliyeshindwa aliosha vyombo. Naomi aliviosha karibu kila Ijumaa.

Hakuwa mvivu, jamani. Mwaka uliopita alifeli mtihani wa darasa la nne akarudia darasa, na bado imla ilimtesa. Aliandika "karamu" badala ya "kalamu", "kura" badala ya "kula". Alipata mbili kwa kumi, na mwalimu akamuuliza kama anafanya mzaha.

Ijumaa moja, akiwa nje anasugua sufuria, alimsikia baba akimwambia mama, "Huyu mtoto hapa hawezi. Mahari yake iko Kamunyonge. Nimeshaongea nao, wanamsubiri tu shure ifungwe."

Sufuria ilimponyoka. Mahari! Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alimkumbuka dada wa jirani aliyeolewa hukohuko Kamunyonge, Musoma mjini, kabla ya kumaliza darasa la saba. Na mama alikuwa amesikia, akanyamaza.

Hakumwambia mtu. Shuleni aliacha kunyoosha mkono, maana kusoma kulikuwa na faida gani tena? Kila asubuhi alihesabu siku zilizobaki kabla ya likizo, na kila asubuhi zilikuwa zimepungua.

Ijumaa iliyofuata baba aliweka gazeti mkekani.

"Haya, reo tafuteni neno 'mahari'."

Naomi alitafuta, mstari kwa mstari, machozi yakimziba macho.

"Halipo, baba."

"Ripo! Mstari wa tatu, nimeriona mwenyewe. Naomi, hayo machozi ni ya nini?"

"Halipo!" Naomi aliangua kilio. "Sitaki kuolewa, baba! Nitasoma kwa bidii. Usinipeleke Kamunyonge!"

Mama alishtuka. "Nani kasema unaolewa?"

"Baba! Alisema mahari yangu iko Kamunyonge. Na wewe mama ulikuwepo!"

Wazazi walitazamana. Kisha Marieta, ambaye shule aliiacha darasa la tatu, aliuvuta ukurasa karibu na kuweka kidole kwenye mstari wa tatu. Alisoma polepole, herufi moja moja. "Baba Naomi, herufi hii hapa siyo ile uliyotamka. Hii imesimama kama kijiti."

Naomi alifuta machozi akasoma. "Mahali."

"Si ndivyo nimesema?" baba aliuliza. "Mahari!"

Naomi alimtazama mdomoni. Macho ya baba yalisoma l, ulimi wake ukatoa r, kama ulimi wa watu wengi pale kwao. Ndiyo maana neno halikuonekana. Ndiyo maana imla ilimshinda: aliandika maneno kama alivyoyasikia nyumbani.

"Kwa hiyo Kamunyonge..."

"Ni kwa shangazi yako Matrida, yule mwarimu! Akufundishe rikizo. Nimekutafutia mahari ya kusomea, mwanangu."

Mama alitaka kucheka, akaacha, kwa sababu Naomi alikuwa bado anajifuta machozi.

"Na mimi nirikuwaga nachapwa kwa imra hiyo hiyo," alisema baba. "Nikaona sina akiri, nikaacha shure. Sasa naanza kukuona wewe huna akiri, kumbe kosa riko mdomoni kwangu. Nisamehe. Na wewe, neno rikikuumiza, uriza hapo hapo. Usikae naro wiki nzima peke yako. Kuanzia reo wewe ndiye utatamka, sisi tutatafuta."

Likizo Naomi alikwenda Kamunyonge, na imla ya kwanza aliporudi alipata saba kwa kumi. Lakini anachokikumbuka zaidi ni ile Ijumaa, baba yake alipokunja mikono ya shati, akakusanya sufuria na sahani zote na kuzipeleka nje.

"Reo nimeshindwa mimi," alisema.