Muuaji Asiyeitika Salamu

Nilitoka kwenda kununua mafuta ya taa. Hilo tu. Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya minazi ya Junda, muadhini bado hajaadhini, nami nina chupa yangu mkononi na buibui nimelitupia mabegani tu, kwa kuwa dukani kwa Faki si mbali. Anayetaka kunisikiliza anisikilize tangu hapo, asije akasema Bi Mastura kaanzia katikati.

Faki aliponiona alinuna.

"Umerudi?"

"Nimerudi kutoka wapi?"

"Si umepita hapa sasa hivi, nyanya. Nimekuamkia, ukanipita kama unapita nguzo ya stima. Nikasema leo nimemkosea nini Bi Mastura."

Mimi? Nipite dukani kwa Faki nisisimame? Mtaa huu mtu akitaka kujua nani kaposwa na nani kaachwa, hendi kwa kadhi, huja kwangu. Ati niamkiwe nisiitike, nisimwulize hata mkewe kaamkaje. Nilipanda hasira. Nikamwambia macho yake yana utandu, akayaoshe.

"Macho yangu mazima," akasema. Kisha akainama juu ya mizani na kunong'ona. "Nyanya... alikuwa na ndara zako. Ile iliyofungwa waya. Nimeisikia."

Nikaitazama miguu yangu. Ndara zangu ninazo.

Ya kushoto ilikatika kamba mwaka juzi, wa tisini na mbili, nikaifunga waya. Nikitembea hukwaruza. Kila mtu anaijua. Basi nilipotoka dukani niliisikia, mbele yangu, kwenye kichochoro cha kuelekea kwangu.

Kwaru... kwaru...

Na mimi nimesimama.

Nilipofika, nje ya nyumba ya Selpher kulikuwa na watu. Selpher ni mke wa Kefa, wapangaji wa nyumba iliyo nyuma ya yangu, watu wa bara. Kefa anafanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, Bamburi. Barke alikuwa amesimama mlangoni mikono kiunoni, na Barke na mimi hatujapendana tangu tukiwa wari.

"Ndoo hapa uione kazi yako," akaniambia.

"Kazi gani?"

"Jana magharibi umekuja kumwomba chumvi. Akakupa. Tangu hapo hajatoa sauti."

Chumvi haitoki nyumbani jua likishatua. Mtu wa pwani, hata muwe wa ukuta mmoja, atakwambia chumvi imekwisha, njoo kesho. Lakini Selpher kwao mtu mzima akiomba hupewa. Alimpa yule aliyemwona kuwa ni mimi, akampa na kiganja cha kuongeza.

Niliingia. Alikuwa amelala macho wazi, midomo imepasuka, na kwenye mipasuko kuna weupe. Nikamgusa mkono. Baridi. Aliponitambua, alijivuta mpaka ukutani, na mdomo ukafunguka bila ya kutoka kitu.

Hilo liliniuma kuliko maneno ya Barke.

"Akifa huyu," Barke akasema nyuma yangu, polepole, "usije ukasema hukuambiwa."

Fondo, fundi wa baiskeli, alikuwa ameegemea ukuta na dumu la petroli miguuni. Hakunitazama. Na baiskeli haitiwi petroli. Nilielewa. Vikongwe wameshachomwa kwa madogo kuliko hayo. Roho ya Selpher na yangu zilikuwa zimefungwa kwa uzi mmoja.

Lakini neno chumvi lilikuwa limenichoma mahali pengine. Juma lile lile mjukuu wangu Shee aliniuliza, "Nyanya, mchawi akiomba chumvi magharibi, akipewa inakuwaje?" Nikamweleza yote, na ya juu yake. Akasema anataka kwa ajili ya mchezo wake.

Shee anakaa bandani, uani kwangu. Anapeleka sahani kwenye hoteli moja ya ufuoni, na Mzungu mmoja aliyekuja likizo alimwachia mchezo: kitabu, na dadu lisilo dadu la ludo, lina nyuso nyingi mpaka macho yanachoka. Mnakaa chini, kila mmoja anakuwa mtu asiye yeye. Huyu shujaa wa upanga, huyu mganga, huyu mwizi. Mmoja anahadithia, dadu linaamua nani aishi. Shee na Kefa walikuwa wanaucheza kila wanapotoka kazini. Sikuwa na neno. Nilisema afadhali hivyo kuliko kunywa mnazi.

Nikaenda uani kwangu, nikausukuma mlango wa banda kwa teke.

Walikuwa wameketi mkekani, koroboi katikati. Dadu linarushwa, linaokotwa, linarushwa. Hawachekani. Mbele yao pametandikwa karatasi ya mfuko wa saruji, imeandikwa upande wa ndani. Niliinyakua. Mimi si msomi, lakini herufi kubwa nazisoma.

Ilikuwa ni habari ya muuaji. Katika kitabu cha Mzungu wauaji wamo, lakini hawa walimtaka wa kwao, wa hapa hapa. Ni ajuza wa buibui, waliandika. Hana silaha. Huingia kila nyumba na hakuna amshukuye. Ndara yake moja imefungwa waya. Haitiki salamu. Huomba chumvi magharibi, na anayempa hunyauka. Akipewa mara ya pili na mtu yule yule, mtu huyo hufa.

Chini kabisa waliandika *udhaifu*. Mbele yake hapana kitu.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Ni wa kubuni tu, nyanya," Shee akasema.

"Ndara ya waya ni ya nani?"

Akazitazama ndara zangu.

"Shee. Nimekulea kwa kuuza viazi vya karai, nimekaa juani mpaka ngozi ikawa gome, ili ukikua unifanye jinamizi la mtaa?"

"Jina lako sikuliandika. Niliona ni kukuvunjia heshima."

"Heshima. Sura umechukua, jina ukaliheshimu."

Kefa alikuwa bado anarusha dadu. Nikamgeukia. "Na wewe. Mkeo kakauka kama ng'onda, umeketi hapa na mchezo."

"Mama, daktari amesema ni malaria. Dawa ako nayo." Aliokota dadu. "Lakini huyu mama wa mchezo hakosi. Jana tulirusha, akapata, na magharibi akaja kwetu. Leo kila tukirusha anapata. Nataka akose mara moja tu, mama. Mara moja. Ndio sitoki hapa."

Akarusha. Likazunguka sana. Likasimama kwenye ile namba kubwa kuliko zote.

Nywele zilinisimama, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. "Mpeni udhaifu basi. Nani anatengeneza kisu hakina mpini?"

"Nimejaribu," Shee akanong'ona. "Nimeandika moto. Nimeandika aya za Mungu. Kalamu haiachi wino. Kitabu kinasema udhaifu lazima utokane na mtu mwenyewe alivyo."

"Alivyo nani?"

Akainua macho. Akaniangalia tu.

Wallahi ningemzaba kofi kama pangekuwa na wakati. Lakini nilikuwa nimeshaiona kasoro ya kazi yao. Wamechukua buibui langu, ndara zangu, na ile ruhusa yangu ya kila mlango. Wameacha mdomo. Nani amewahi kumwona Mastura bila ya mdomo?

"Andika," nikamwambia. "Hawezi kupita penye umbeya."

Kalamu iliandika. Wino ulitoka mzito, ukanuka.

Kafuri.

Muadhini akaanza. Wanawake waliokuwa mlangoni kwa Selpher walikwenda kuswali, Barke naye. Fondo akabaki mbali, kwenye kona, na dumu lake. Nikamwondoa Kefa penye dadu, akaingia kwake akamkumbatia mkewe. Mimi nikaketi kwenye kizingiti chao, miguu nimeinyoosha nje.

Kwaru... kwaru...

Nilisikia harufu kwanza. Udi wangu, ule ule ninaojifukizia, na chini yake kafuri ya maiti. Kisha nikayaona yale mabega. Kisha uso... Sitaki kuueleza sana. Mtu huwa hajui uso wake mwenyewe, huujua wa kwenye kioo. Huu ulikuwa wangu pasipo kioo, hata na chunjua ya shavuni. Ila mdomo ulikuwa kama umechorwa.

Hakunitazama. Hakusalimu.

"Naomba chumvi."

Ndani nikasikia kitanda kinalia. Selpher, ambaye hakuweza kuinua hata kichwa, alikuwa anasimama. Kefa akasema, "Lala, Selpher. Tafadhali lala." Kopo la chumvi likaburutwa juu ya meza.

Nikatazama kando, kama ninayezungumza na shoga yangu.

"Eti umesikia ya mume wa Barke?"

Ndara ikasita.

"Wanasema yuko zamu za usiku Changamwe. Zamu gani? Mtu wa zamu hurudi na uchovu, yeye hurudi ananukia asumini. Mimi nikanyamaza, wajua mimi si msemaji. Nikaulizia taratibu. Kumbe kuna nyumba Mikindani, ina pazia la kijani, na humo ndani kuna mwanamke, naye si wa kupita njia. Yuasitiriwa kwa ndoa. Na yule mwanamke, shoga, ukiambiwa ni nani..."

Nikanyamaza.

Upepo ukanyamaza nao.

Alichutama karibu yangu, magoti yakalia kama kuni kavu. Ule mdomo uliochorwa ukapasuka taratibu katikati.

"Ni nani?" akauliza. Kwa sauti yangu.

"Kesho," nikasema. "Inshallah."

Alibaki pale mpaka watu walipoanza kutoka msikitini. Nilihisi ubaridi wake begani. Kisha akainuka, akaenda zake, na ndani nikasikia kitu kinadondoka na kutawanyika sakafuni, na Selpher analia akiomba maji.

Alipona. Kefa anasema ni dawa za daktari, na mimi sibishani na mtu aliyerudishiwa mke. Mwisho wa mwezi walihama. Fondo aliniletea papai, ati salamu tu. Nikampokea na kumwambia petroli isije ikamharibikia.

Shee aliichoma ile karatasi mbele yangu. Iliungua yote. Lakini magharibi ya pili yake yule alikuja kizingitini kwangu, akachutama. Na ya baadaye. Kila siku nikampa habari nusu, na nusu ya jana. Nimeyamaliza ya Barke, nimeyamaliza ya Faki, nimeingia kwenye ya marehemu. Alimradi anasikiliza, haombi.

Jana nilikuwa na homa. Sikuwa na neno kichwani. Akangoja. Mimi kimya.

Basi akaanza yeye.

"Kabla sijaja hapa," akasema, "nimepita nyumba moja ya mtaa huu. Ilikuwa mara yangu ya pili kwao. Wamenipa."

Damu ilinichemka. Nilitaka kumtemea mate usoni, usoni kwangu. Nikauma meno. Nilijua nikiuliza nimekwisha, kwa kuwa ule udhaifu nilioutoa ulikuwa wangu, sikuwa na mwingine. Nikauma meno mpaka taya likauma.

"Nyumba gani?" nikauliza.

Akatabasamu. Sikuwahi kujua kuwa nikitabasamu nafanana vile.

"Kesho," akasema. "Inshallah."

Leo tangu asubuhi nimezunguka mtaa mzima na homa yangu, nagonga mlango kwa mlango, nauliza nani jana kanipa chumvi. Milango hiyo hiyo ambayo nilikuwa naingia bila ya hodi. Wanachungulia dirishani, wanaona buibui, wanasikia ndara, wanatia komeo. Nimewatukana. Nimewabembeleza. Kwa Faki nimempigia kelele mpaka sauti ikakauka, naye yuko nyuma ya mlango, nasikia anavyohema.

"Faki," nikamwambia, "shikamoo yako sikuitika siku ile kwa sababu hakuwa mimi."

Hajafungua. Na jua linashuka, na kwenye kipaza sauti cha msikiti, muadhini anakohoa, anasafisha koo.