Lita Mia Moja na Sitini

Saa nane na dakika ishirini mchana pampu ya maji ya mashua ilinguruma kwa sekunde tatu, kisha ikanyamaza. Hakuna aliyekuwa amefungua bomba.

"Umemsikia?" mjane aliuliza kwa sauti ya chini. "Anakunywa."

Mkaguzi wa vyombo vya baharini, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliandika saa hiyo kwenye daftari lake. Kwenye geti la bandari mlinzi alikuwa amemwambia kwamba yeye haingii kwenye mashua ile ya tanga yenye mzimu hata apewe cheo. Mkaguzi alimjibu kwamba hakuja kwa ajili ya cheo.

Miezi minne iliyopita mashua hiyo iliondoka na ndugu wawili na lita mia mbili za maji ya kunywa. Siku ya sita tangi lilikauka. Upepo nao ulikuwa umekufa. Meli ya mizigo ilipowakuta, siku ya kumi na moja, kaka mtu, mume wa mjane huyu, alikuwa ameshakufa kwa kiu. Mdogo wake alikuwa hai, na alikuwa na maelezo: maji yalivuja kidogo kidogo tangu siku ya kwanza, kwenye kiungo cha bomba chini ya sinki.

Kiungo hicho alikifunga mjane kwa mikono yake, asubuhi ya safari.

"Ukoo mzima unajua," alisema. "Msibani hakuna aliyekula chakula nilichopika. Niambie tu, mama. Kama ni mimi, niambie."

"Nikijua nitakwambia. Sasa hivi sijui."

Mkaguzi alianza na tangi. Alilijaza, akazima swichi ya pampu, akaweka alama kwenye usawa wa maji. Baada ya nusu saa maji hayakuwa yameshuka. Kisha akakizungushia tishu kavu kile kiungo cha chini ya sinki, akawasha swichi, akangoja na saa mkononi. Pampu ikanguruma. Dakika kumi na moja baadaye ikanguruma tena. Mjane alishtuka mara zote mbili.

Mkaguzi aliifungua tishu, akaipapasa, akampa.

"Kavu," alisema.

"Rudia."

"Kavu. Ulikaza vizuri."

Mjane aliketi kwenye ngazi, tishu ikiwa bado mkononi. "Basi ni nani anayekunywa?"

"Pampu hii hujiwasha shinikizo likishuka. Kuna mahali maji yanatoka."

Alifungua mbao za sakafuni, akaingiza tochi kwenye ngama, uvungu wa chini kabisa ambako maji yote yanayopotea chomboni hukusanyika. Ubavuni mwa mbao palikuwa na mstari wa tope, shubiri moja kutoka chini. Aliukwangua kwa kisu, akaweka unga wake ulimini. Haukuwa na chumvi hata kidogo. Maji ya bahari yangeacha weupe na ukali.

Aliomba kitabu cha safari. Mjane alikitoa mkobani kikiwa bado kimefungwa kwa kamba ya wale mabaharia wa meli ya mizigo waliomrudishia.

"Sijawahi kukifungua. Shemeji naye alikataa kukigusa."

Marehemu alikuwa na utaratibu mmoja asioulegeza: mwisho wa kila zamu, mwenye zamu ashuke ngamani, apime maji, ayaonje, aandike alichokuta. Mkaguzi alisoma kurasa za siku tano. Zamu za kaka: *kavu*. Zamu za mdogo: *kavu*. Akafungua ukurasa wa siku ya sita, akausoma mara mbili, akakifunga kitabu.

Saa tisa na nusu aliinua godoro la kitanda cha nyuma, alikokuwa akilala shemeji. Nyuma ya ubao kulipita mpira wa maji uliosuguliwa na ukingo wa ubao hadi ukatoboka. Tundu lilikuwa limezungushiwa utepe mweusi wa umeme, mizunguko saba. Chini ya utepe palining'inia tone moja.

Shemeji alifika saa kumi, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, mama. Mmeshakiona kile kiungo?"

"Marahaba. Kiungo ni kizima. Nani alifunga utepe kule nyuma?"

"Labda kaka."

"Kaka yako angeandika. Aliandika hata kijiko kilichopotea. Wewe ulisema maji yalivuja tangu siku ya kwanza, lakini kwa siku tano yeye anaandika kavu, na ubao una mstari wa shubiri nzima. Maji hayo yalikuja mara moja. Ilikuwa zamu ya nani?"

Pampu ikanguruma. Shemeji akageuza shingo kuelekea kitanda cha nyuma kabla sauti haijaisha.

"Siku ya tano, alfajiri," alisema. "Kaka alikuwa anataka pampu izimwe kila baada ya kutumiwa. Siku ya kwanza tu niliisahau, akanitania: dogo, kichwa chenyewe ungekisahau kama kisingeshonwa shingoni. Nikaapa sitarudia. Nikanawa uso, nikaiacha inawaka, nikajilaza kidogo. Niliposhtuka..."

"Ndoo ngapi?"

"Kumi na sita, za lita kumi kumi."

"Ulionja?"

"Nilionja." Midomo yake ilikuwa imekauka. "Nikayamwaga baharini. Nikaandika kavu, na kitabu sikukigusa tena. Nilidhani mvua itanyesha, shemeji, wallahi. Nilidhani hatajua."

"Halafu ukanipa mimi msiba huo niubebe," mjane alisema.

Mkaguzi alifungua kitabu kwenye siku ya sita, akakigeuzia upande wao. Mwandiko ulikuwa wa marehemu, umenyooka kama wa mwalimu: *Tangi tupu. Zimebaki chupa nne za akiba. Ngamani mstari wa maji, shubiri moja. Matamu, si ya chumvi. Utepe kitanda cha nyuma.* Chini yake, siku baada ya siku hadi ya tisa, mstari uleule mmoja: *Sehemu yangu nimempa dogo.*

Shemeji alisoma hadi mwisho, kisha akarudi juu.

"Hakuniuliza," alisema. "Siku zote zile. Alikuwa ananitazama tu."

"Alikuwa anangoja useme," mjane alisema.

Pampu ikanguruma tena, sekunde tatu.

"Nenda kaizime," mjane alimwambia. "Unajua swichi ilipo."