Mkono Usioogopa Moto

Kwetu Kwamatuku, huku Handeni, kukiwa na shughuli wanawake wanasonga bada kwenye sufuria kubwa. Bada ni ule ugali wa muhogo. Sufuria yake ikitoka motoni haishikiki, watu wanatafuta matambara. Lakini mke wangu, Mwanaidi, alikuwa anaishika mikono mitupu, anaitua chini, anacheka.

"Mkono wa chuma huo!" wenzake wanapiga vigelegele.

Na mimi, mzee mzima, kichwa kinavimba. Nawaambia rafiki zangu, "Wake zenu wanaogopa moto. Wangu, moto unamwogopa yeye." Shule niliishia darasa la nne, lakini kwa kujisifu sina mpinzani.

Basi, kwenye harusi ya Husna, binti wa jirani, nikapita jikoni. Nikasikia harufu ya kuungua. Nikajua ni nyama ya pilau. Kuangalia, ni vidole vya Mwanaidi! Vimebabuka, naye anaendelea kupiga soga na sufuria mkononi.

"Mama Abdi, unaungua!"

"Wapi?"

Hiyo "wapi" ndiyo iliyonitia hofu. Mtu anaungua, halafu anauliza wapi?

Asubuhi tukaenda zahanati. Nesi pale anaitwa Asnath, Msambaa wa Dindira, binti mcheshi.

"Shikamoo mzee, shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Akamfunga Mwanaidi vidonda. Kisha akamwambia, "Bibi, fumba macho. Nikikugusa sema."

Akachukua pamba, akamgusa kiganja upande wa kidole cha mwisho. Kimya. Akagusa tena. Kimya.

"Mbona hunigusi?" Mwanaidi akauliza.

Nami nimeiona pamba ikimgusa mara mbili, kwa macho yangu!

Asnath akauliza, "Hiki kidole kimeanza lini kujikunja?"

"Tangu mfungo wa Ramadhani. Hata kufunga kifungo siwezi. Nikasema ni uzee."

"Na hili baka jeupe kwenye mkono?"

"Si mba tu hiyo?"

Asnath akatikisa kichwa, akanigeukia. "Mzee, kaa hapa, ning'iniza mguu, nikuonyeshe kitu." Akanigonga chini ya goti kwa ukingo wa kiganja. Mguu ukaruka wenyewe, nusura nimpige teke!

"Nani kauamuru?" nikauliza. "Mimi sijasema kitu!"

Akacheka. "Uti wa mgongo, mzee. Mwilini kuna neva, kama nyuzi. Ukitaka kuinua jembe, amri inatoka kwenye ubongo, inapita uti wa mgongo, inafuata neva mpaka kwenye msuli. Msuli unajikaza, jembe linainuka. Lakini ukishika moto, neva za ngozi zinapeleka habari kwenye uti wa mgongo, nao haungoji ubongo. Hapo hapo unaamuru misuli: vuta! Mkono umesharudi, ndipo kichwa kinajua, unapiga kelele."

"Aaa! Kama balozi wetu wa nyumba kumi. Nyumba ikishika moto anaita watu wazime kwanza, mwenyekiti anapelekewa taarifa baadaye."

"Umeniweza, mzee! Sasa bibi neva zake za mkono zimeumia. Habari ya moto haifiki, kwa hiyo mkono haurudi. Na amri haifiki vizuri kwenye misuli ya kidole, ndiyo maana kinajikunja. Ule haukuwa ushujaa."

Nikainamisha kichwa. Na mimi nilivyotamba!

Mwanaidi akauliza polepole, "Ugonjwa gani huo, mwanangu?"

"Kwa dalili hizi ni ukoma, bibi. Daktari atathibitisha."

Mwanaidi akafunika mkono kwa kanga. "Basi watanitenga. Nani atakula nilichopika?"

"Hakuna wa kukutenga. Dawa ipo, ya bure, na ukoma unapona. Ukianza dawa, hauambukizi tena. Tukichelewa ndiyo mkono utalemaa."

Daktari akathibitisha. Mwanaidi alimeza vidonge mwaka mzima, pamoja na dawa ya kutuliza uvimbe wa neva. Kila siku alikuwa analoweka mkono, anaupaka mafuta, ananyoosha kidole. Leo kidole kimenyooka, vifungo anafunga. Ila kiganja bado hakisikii vizuri. Kwa hiyo macho ndiyo yanamlinda, na sufuria anaishika kwa tambara.

Siku ile ya kwanza zahanati, Asnath alituambia watu wa nyumba nzima tupimwe. Mimi, kwa udadisi wangu, sikungoja. Jioni ile ile nilichukua unyoya wa kuku nikaanza na mjukuu wangu, Yusra.

"Fumba macho. Nimegusa wapi?"

"Shavu, babu! Goti! Unanitekenya!"

Alikuwa na baka moja mgongoni, dogo kama sarafu. Nikagusa pale.

"Babu, mbona umeacha?"

Alfajiri tulikuwa njiani kwenda zahanati. Yusra, kwa kuwa baka lilikuwa moja tu, alimeza dawa miezi sita, hakulemaa hata ukucha. Juzi kakanyaga siafu shambani. Mguu ukaruka kabla hajajua, kisha kilio mpaka barabarani. Bibi yake akakimbia kumtoa wale wadudu. Mimi nilibaki nimesimama na jembe, nacheka huku machozi yananitoka.