Mpimaji Aliyetaka Jina la Mume Wangu

Nilitoka kwenda kukata majani ya nyati wetu wa maziwa, jua likiwa limeshagusa mlima. Mume wangu, Baba Kundan, alikuwa kitandani siku ya sita na homa. Mtoto analia, unga haujasagwa. Nani mwingine angekwenda?

"Usifike shamba la chini," mama mkwe alininong'oneza mlangoni. "Akikuuliza, funika uso. Nyamaza."

"Mama, mimi nimesoma mpaka darasa la kumi."

"Basi darasa la kumi likukatie majani."

Aliyekuwa akimsema ni Kapteni Pengelly, ambaye wazee walimwita Pingali Saheb, yaani Bwana Pingali. Miaka mia iliyopita alikuwa mkuu wa mizinga wa Waingereza kule mpakani, mpaka mzinga ulipopasuka ukaondoka na sikio lake na nusu ya shavu. Jeshi halikumtaka tena. Wakampa mnyororo wa kupimia, darubini ya miguu mitatu na daftari, wakamtuma apime milima yetu. Alipima miaka kumi na tisa, akiwaamrisha washika mnyororo kama askari.

Wanaume walimkimbia wakidhani ameleta kodi. Akawakuta wanawake mashambani. "Shamba la nani?" Sasa, kwetu mke hatamki jina la mumewe. Kulitamka ni kumpunguzia siku. Wanawake wakafunika nyuso, na Kapteni akaandika: halina mwenyewe. Mlima mzima ukawa msitu wa serikali. Alipotambua kosa lake, wakubwa wake walikataa kufuta chochote. Akapanda tena huku peke yake kwa farasi, na mnyororo wake.

Farasi alipatikana. Yeye, hapana.

Tangu hapo mzimu wake huwauliza wanawake kule shamba la chini. Dada yake mama mkwe alimjibu jioni moja, akataja jina la mumewe. Siku ya nne mwanamume yule, mzima kabisa, alikufa.

Mimi sikuyaamini hayo. Na majani mazuri yalikuwa shamba la chini. Nikashuka.

Nilikuwa nafunga mzigo niliposikia.

Kling... kling...

Kisha harufu. Baruti, na ngozi ya farasi iliyoloa.

Mnyororo ulikuwa umelala juu ya majani yangu. Sikuuona ukija. Ncha yake ilikuwa mkononi mwangu, pale palipokuwa na mundu. Ulikuwa wa baridi hata vidole vikagoma kufunguka.

Upande wa pili mtu alikuwa ameinamia darubini. Akageuka. Aligeuza kwanza upande usio na sikio.

"Shamba la nani, mama?"

Kihindi cha kambini, cha kuamrisha. Lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka.

Nikafunika uso kwa mkono uliobaki. Mnyororo ukavutwa. Nikaenda hatua moja.

"La nani?"

Hatua nyingine. Nyuma yake hapakuwa na shamba tena. Palikuwa na korongo.

"Jina la bwana," alinong'ona. "Nalisikia. Limo mdomoni mwako. Tri..."

Ulimi wangu ulianza kujisogeza wenyewe kulimalizia jina.

Niliung'ata. Damu ikajaa mdomoni. Nikamwona Baba Kundan kitandani, mbavu zikipanda na kushuka. Halafu hasira ikanishika. Nani hubeba samadi mpaka hapa? Nani hupalilia?

"Ni langu," nikasema. "Andika Hansa."

Kalamu ikasita. "Mwanamke?"

"Una sikio moja. Litumie."

Aliandika. Aliandika muda mrefu kuliko jina langu linavyohitaji... Kisha mnyororo ukalegea, na nilikuwa nimeshika mundu.

Alfajiri homa ilimtoka Baba Kundan, akaomba chapati. Mama mkwe alitazama damu iliyokauka midomoni mwangu.

"Ulijibu?"

"Nilijibu. Nilitaja jina langu."

Alikaa chini taratibu. "Langu mimi," akasema, "hakuna hata anayelijua humu ndani."

Mwezi uliofuata karani wa ardhi alikuja na ramani ya zamani ya kitambaa, serikali ilipotaka mashamba yapimwe upya. Akaifungua uani kwetu, akakuna kichwa.

"Mlima mzima hauna mwenyewe, isipokuwa hapa chini. Hansa ni nani? Bibi yenu?"

"Ni mimi."

Akacheka. "Dada, wino huu una miaka mia." Kisha akasogeza miwani. "Na kipimo chenyewe... futi sita kwa futi tatu. Shamba gani hili?"

Mama mkwe akainuka, akaingia ndani.

Kwetu wafu huchomwa kando ya mto. Hakuna mtu wetu anayehitaji ardhi ya ukubwa wa kaburi. Lakini mahali penyewe nimepaona. Shayiri haioti pale, na udongo wake ni laini kila asubuhi, kama uliopinduliwa jana. Nalima kupazunguka. Baba Kundan ni mzima, ananenepa.

Sijui kama Kapteni alinipimia mimi, au alikuwa akiniomba mahali pa kulala.