Pijo ya Mzee Lusweti Yaenda Kukaguliwa

Kila Jumamosi saa moja asubuhi, Mzee Lusweti alitoka nje na ndoo ya maji. Watu wa mtaa wa Mowlem hawakuhitaji saa. Aliosha gari lake, Pijo nyeupe ya mwaka 1962, paa, milango na sakafu. Kisha aliipaka nta mpaka akaona uso wake kwenye boneti.

Pijo hiyo ilikuwa imebeba maharusi saba wa kanisa lao. Mzee Lusweti, mstaafu wa kiwanda cha sabuni, alivaa glavu nyeupe akaendesha polepole. Watu walimpungia mkono yeye kwanza, bibi harusi baadaye.

Kisha jirani yake Mulwa, karani, akanunua Fokswageni ya mwaka 1964. Ilikuwa na mgongo kama kobe. Kichwa cha gia Mulwa alikichonga mwenyewe kwa mpingo.

"Vijana wa kwaya wamepiga picha na gari la Mulwa," Mama Nabalayo alimwambia mumewe Lusweti akikata sukuma wiki.

"Hawajui magari hao. Lile ni kopo la mafuta ya kupikia."

"Kunywa chai, inapoa."

Mzee aliiacha chai ipoe. Wivu ulikuwa umemshika.

Mwezi wa Julai mambo yalizidi. Binti yao Nabalayo alikuwa aolewe mwisho wa Agosti. Jioni moja alirudi kutoka kwenye kamati ya harusi.

"Baba, kamati inataka nibebwe na gari la Mulwa."

Mzee aliweka kikombe chini. "Wewe? Binti yangu mwenyewe?"

"Lile limekaguliwa. Kila miezi sita fundi Perez huliangalia na kumwandikia karatasi. Hili letu sijawahi kuona likikaguliwa tangu nizaliwe."

"Matatu ndizo hukaguliwa. Malori pia. Hili ni gari la heshima."

"Juzi pale Makadara breki zililia, Baba."

"Zililia, lakini hazikukataa."

Mzee alitoka akaenda kugonga mlango wa Mulwa.

"Mulwa, maharusi wote wa mtaa huu hawakukutosha? Umenifuata mpaka kwa binti yangu?"

"Mzee, mimi sikuomba. Peleka Pijo kwa Perez. Ikipita, beba binti yako."

"Itapita ikiimba. Na hilo kobe lako likaguliwe tena siku hiyo hiyo. Tuone nani mzima."

Hivyo Mzee Lusweti alikubali gari lake likaguliwe. Hakukubali kwa hekima. Alitaka kumshinda jirani.

Siku tatu alifanya kazi. Mama Nabalayo alifua vitambaa vya viti. Sakafu ya gari ilikuwa na unyevu, kama kawaida baada ya kuoshwa. Mzee alitandika karpeti mpya ya plastiki juu ya ile ya zamani, akaridhika.

Gereji ya Perez ilikuwa Makadara. Perez alikuwa mama wa makamo aliyesomea ufundi na kutengeneza mabasi kwa miaka mingi. Alianza na Fokswageni.

"Taa ya nyuma ya kushoto imekufa," alisema.

Mzee Lusweti alicheka mpaka akakohoa. "Eti mzima."

Mulwa alitoa balbu mpya kwenye mfuko wa koti, akaibadilisha pale pale. Gari lake likapita.

Ikafika zamu ya Pijo. Perez aliisukuma hadi juu ya shimo la gereji.

"Mama, hujatazama rangi," Mzee alisema.

"Rangi haisimamishi gari, Mzee. Keti ndani. Nikikuambia, kanyaga breki."

Perez aliingia shimoni na tochi. Aligonga huku na huku. Kisha akaita, "Mzee, inua karpeti."

Mzee aliinua karpeti mpya. Akainua na ya zamani. Mwanga wa tochi ukampiga machoni kutoka chini, katikati ya viatu vyake. Kupitia sakafu alimwona Perez akimtazama.

"Habari ya huko juu?" Perez alisema.

Mzee alishuka.

"Ni kutu," Perez alimweleza. "Kila ukiosha, maji huingia chini ya karpeti, hayapati pa kutokea. Juu unang'arisha, chini kunaoza."

"Lakini gari hili hutembea mara chache."

"Mpira huzeeka hata gari likisimama. Tazama huu mpira wa breki umepasuka-pasuka, na mafuta yanadondoka. Magari mengi ya siku hizi yana njia mbili za mafuta ya breki. Moja ikivuja, nyingine inasaidia. Hili lina moja tu. Ikikatika, magurudumu yote manne hayana breki. Kwa hiyo gari kuukuu ndilo linalohitaji kukaguliwa zaidi."

"Na tairi? Tairi zina meno mazuri."

"Ulizinunua lini?"

Mzee alifikiri. "Nabalayo alikuwa darasa la tatu."

"Basi ni nzee. Angalia nyufa ubavuni. Tairi kama hii hupasuka barabarani ikiwa na meno yake yote."

Perez alifungua mlango wa nyuma. Alibonyeza sakafu kwa bisibisi. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Ilikuwa mahali pale maharusi walipoweka miguu.

Mzee Lusweti alivua kofia. Aliwakumbuka wote saba, na shela zao, na watoto wa kushika maua waliobanana nao. Kisha akangoja Mulwa acheke.

Mulwa hakucheka. "Harusi ni baada ya wiki tano," alisema. "Namjua mchomeleaji mzuri kule Huruma. Kesho nitakupeleka."

"Kwa nini unisaidie?"

Mulwa alitazama chini. "Mzee, nimekuonea wivu tangu nihamie Mowlem. Unadhani Fokswageni nilinunua kwa nini?"

Sakafu ilikatwa, ikachomelewa bati jipya. Mipira ya breki ilibadilishwa yote, na tairi pia. Perez alikagua Pijo mara ya pili, ndipo akaandika karatasi. Karpeti ya plastiki Mama Nabalayo aliitandika jikoni. Mzee sasa aliosha gari nje tu, na ndani alipangusa kwa kitambaa.

Siku ya harusi, Pijo ilitangulia na Fokswageni ikafuata na wasimamizi. Kwenye Barabara ya Jogoo, mkokoteni uliojaa mitungi ya maji ulikata mbele yao ghafla. Mzee alikanyaga breki. Pijo ikasimama kimya, hatua mbili kutoka kwenye mkokoteni.

Nabalayo alirekebisha shela yake. "Baba, leo hazikulia."

Mzee alingoja mkokoteni upite. Alishika usukani kwa nguvu, kisha akaendelea.

Januari ilipofika na miezi sita kutimia, alimwambia Mama Nabalayo kwamba safari hii Pijo itakaguliwa kabla ya gari la Mulwa. Kabla jua halijachomoza vizuri, Pijo ilikuwa inaingia Makadara. Mbele ya lango la Perez, Fokswageni ilikuwa imeshaegeshwa. Mulwa alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu na chupa ya chai.

"Umechelewa, Mzee."

Mzee Lusweti aliitazama Fokswageni, akamtazama Mulwa, akapokea kikombe.

"Julai," alisema, "nitalala hapa langoni."